Tiketi ya treni mtandaoni: utajuaje tovuti ni ya kweli kabla ya kuweka PIN?

Kila ikikaribia Pasaka, likizo ya Agosti na Desemba, wateja wetu wengi wa Kibera na Kawangware huanza kutafuta tiketi za treni ya Mombasa. Viti vya treni ni vya hesabu, na vikiisha vimeisha. Hapo ndipo haraka huingia, na haraka ya abiria ndiyo mtaji wa wakora.

Tangu Januari 2024, nauli ya mtu mzima daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Daraja la kwanza likatoka 3,000 hadi 4,500. Kwa mtu anayefanya mjengo au kufua nguo za watu, 1,500 si pesa ya siku moja. Ukiituma mahali pasipofaa, safari imekufa na pesa pia imeenda.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua tovuti ya kununulia tiketi na jinsi ya kulipa bila kuliwa. Tumeiandika tukimfikiria mteja wetu aliye Gatwekera, awe na simu janja au kabambe.

Kwanza, ijue treni unayoitafuta

Treni ya abiria ya SGR, yaani Madaraka Express, ilizinduliwa mwisho wa Mei 2017. Inaondoka Nairobi Terminus, kule Syokimau, na kufika Mombasa Terminus, kule Miritini. Katikati kuna Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Si kila treni husimama vituo hivyo vyote, kwa hivyo kama unaenda Voi au Mtito, hakikisha umechagua ile inayosimama huko. Mwaka 2019 reli hiyo ilisogezwa kutoka Nairobi hadi Suswa.

Sasa, reli inayopita hapo Gatwekera si hiyo. Ile ni reli ya zamani ya upana wa mita moja. Ndiyo inayobeba treni za asubuhi na jioni za wafanyakazi wa mjini, na ndiyo iliyobeba treni ya Kisumu iliporudishwa Desemba 2021. Huwezi kungoja Madaraka Express kwenye stesheni ya Kibera.

Tunalisema hili kwa sababu mkora mara nyingi hajui treni anayouza. Mtu akikuuzia “tiketi ya SGR hadi Kisumu moja kwa moja”, au akikwambia utapandia Kibera kuelekea Mombasa, huna haja ya kuuliza swali la pili. Anauza kitu ambacho hakipo.

Mlango rasmi ni upi?

Madaraka Express ni huduma ya Shirika la Reli la Kenya, na tiketi zake rasmi zina njia tatu:

- Tovuti ya shirika: metickets.krc.co.ke
- Simu yoyote, hata kabambe: piga *639#
- Dirisha la tiketi kituoni

Njia ya *639# watu huidharau kwa sababu inaonekana ya kizamani. Lakini ina faida moja kubwa. Unapobonyeza nambari hiyo mwenyewe, hakuna linki ya kufuata, hakuna tangazo la kukupoteza njiani, na hakuna ukurasa wa kuigiza. Kama huna bando, au kama macho yako hayapendi kusoma anwani ndefu kwenye simu, anza na hiyo. Iandike mwenyewe kwenye simu, usiibonyeze kutoka kwenye ujumbe uliotumiwa.

Kwa upande wa tovuti, kosa la kawaida ni kuandika “SGR ticket” kwenye Google na kubonyeza jibu la kwanza. Jibu la kwanza mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, na mwenye kulipia tangazo si lazima awe mwenye treni. Andika anwani yenyewe kwa mkono, herufi kwa herufi. Ukishafika mara moja, ihifadhi kwenye simu ili siku nyingine usitafute tena.

Soma anwani ya tovuti kutoka nyuma

Wakora wanajua unaangalia mwanzo wa anwani. Ndiyo maana wanaweka maneno kama “krc”, “sgr” au “madaraka” pale mbele. Lakini anwani ya tovuti husomwa kutoka nyuma, kama vile mtu anavyotafuta nyumba: kwanza Nairobi, halafu Kibera, halafu Gatwekera, halafu ploti, mwisho mlango.

Tuchukue metickets.krc.co.ke:

- .ke ni Kenya.
- .co ni mtaa wa makampuni na mashirika.
- krc ndiyo ploti. Hapa ndipo jina la mwenyewe linakaa.
- metickets ni mlango mmoja ndani ya ploti hiyo.

Neno la kukagua ni lile lililo kabla tu ya .co.ke. Likiwa krc peke yake, uko kwa shirika lenyewe. Likiwa krc limeunganishwa na neno lingine kwa kistari, hiyo ni ploti nyingine ya mtu mwingine. Na kama baada ya “krc.co.ke” kuna nukta nyingine na maneno mengine kabla ya mkwaju wa kwanza, basi hayo maneno ya mwisho ndiyo mwenye nyumba halisi. Huko mbele ni rangi ya ukutani tu.

Kumbuka pia kwamba .co.ke inaweza kusajiliwa na mtu yeyote anayelipia. Ni tofauti na .go.ke, ambayo imetengewa idara za serikali. Kwa hivyo usiseme “hii ni ya Kenya, iko sawa”. Kuwa ya Kenya hakutoshi, angalia ploti.

Alama ya kufuli haikulindi vile unavyodhani

Wengi tulifundishwa kwamba ukiona kufuli kando ya anwani, tovuti ni salama. Maana ya kufuli ni kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti hayawezi kusikilizwa njiani. Haikwambii unazungumza na nani. Mkora pia anaweza kupata kufuli bila kulipa hata shilingi. Google wenyewe waliiondoa alama hiyo kwenye Chrome mwaka 2023, kwa sababu watu walikuwa wanaielewa kama cheti cha uaminifu.

Tovuti isiyo na usalama huo ikimbie. Lakini tovuti iliyo nao bado unapaswa kuisoma kutoka nyuma.

Pesa inaombwa vipi? Hapa ndipo ukweli hujulikana

Hata kama hukuweza kuikagua anwani vizuri, namna ya kulipa itakuonyesha. Sisi kazi yetu ni malipo, na sehemu hii tungependa uisome mara mbili.

*PIN haiandikwi kwenye tovuti.* Ukilipa kwa njia ya kweli, moja kati ya mambo mawili hutokea. Ama simu yako inaletewa ombi la malipo, linatokea juu ya skrini lenyewe, nawe unaweka PIN hapo. Ama unaingia kwenye menyu yako ya malipo, unaweka nambari ya Paybill na ya akaunti, kisha PIN. Ukurasa wa intaneti wenye kisanduku cha “weka PIN yako ya M-PESA” au “weka PIN yako ya Airtel Money” ni wizi, hata uwe umepambwa namna gani. Hata sisi hatuijui PIN yako na hatutaiuliza.

*Soma ombi kabla ya kuweka PIN.* Ombi la kweli huonyesha pesa ni ngapi na zinaenda kwa nani. Watu wengi huweka PIN kwa mazoea, kama kufungua mlango wa nyumba yao. Tulia sekunde tano. Kiasi ni kile ulichokiona kwenye ukurasa? Jina ni la shirika au la malipo ya serikali? Na kama ombi limetokea wakati hununui chochote, lifute. Anayejua nambari yako ya simu anaweza kujaribu kukutumia ombi. Bila PIN yako hawezi kuchukua kitu.

*Treni hailipiwi kwa jina la mtu.* Ukiambiwa “tuma kwa hii nambari ya simu, mfumo wa Paybill uko chini leo”, simama hapo hapo. Mfumo ukiwa chini kweli, utangoja ama utaenda dirishani. Simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na jina la mtu binafsi kwenye malipo ya tiketi linatosha kukufanya ufute.

*Paybill sahihi na akaunti isiyo yako.* Huu ni ujanja ambao wengi hawaufikirii. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, Paybill 222222, na nambari hiyo ni ya kweli. Lakini Paybill ni mlango wa soko tu. Nambari ya akaunti ndiyo inayosema bidhaa ya nani imelipiwa. Mtu akikutumia kwenye WhatsApp Paybill ya kweli pamoja na nambari ya akaunti yake, utalipia deni lake, na ujumbe utakaoupata utaonekana halali kabisa. Lipa tu kwa nambari ya akaunti uliyoiona wewe mwenyewe kwenye oda yako.

Vipi kuhusu tovuti za watalii, saiba na “mtu wangu pale SGR”?

Si kila anayeuza tiketi nje ya tovuti ya shirika ni mwizi. Ziko kampuni za safari zinazomwekea mteja nafasi na kuongeza ada yao. Mgeni aliye Ujerumani bila laini ya Kenya anaweza kuona ada hiyo ni sawa. Wewe uliye na simu na laini yako hapa Nairobi, mara nyingi unalipia kazi ambayo ungeimaliza mwenyewe kwa dakika kumi. Ukiamua kutumia kampuni kama hiyo, uliza mambo matatu kabla ya kulipa: nauli ni ngapi na ada ni ngapi, kila moja peke yake, treni ikijaa pesa inarudi vipi, na ofisi iko wapi. Asiyeweza kutenganisha nauli na ada anaficha kitu.

Saiba za mtaani zinasaidia watu wengi, na hatusemi uziepuke. Lakini ukisaidiwa, shikilia mambo haya. Nambari ya simu inayowekwa kwenye oda iwe yako, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho unaenda huko. Nambari ya kijana wa saiba ikiwekwa, tiketi yako iko mkononi mwake. PIN uiweke wewe kwenye simu yako, usimtajie hata kama foleni ni ndefu. Na kabla hujaondoka kwenye kiti, soma jina lako na nambari ya kitambulisho kwenye skrini.

Halafu kuna “mtu wangu pale SGR”, anayepatikana Facebook au kwenye kundi la WhatsApp, hasa Desemba tiketi zikiisha. Huyu ndiye hatari zaidi, kwa sababu inayofuata.

Tiketi inafuata kitambulisho

Tiketi ya Madaraka Express hukatwa kwa jina na nambari ya kitambulisho au pasipoti ya abiria. Kituoni, kitambulisho hukaguliwa kabla hujafika kwenye treni. Kwa hivyo tiketi iliyokatwa kwa jina la mtu mwingine, hata kama ni ya kweli na imelipiwa, inaweza kukuacha Syokimau na mizigo yako huku treni ikiondoka. Mtu anayekwambia “jina si shida, tunapitisha” hatakuwa hapo kituoni ukizuiwa.

Hilo pia linakwambia ni habari gani tovuti ya kweli inahitaji: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu. Haihitaji picha ya kitambulisho chako mbele na nyuma, wala picha ya uso wako ukiwa umekishika. Picha hizo mkononi mwa mkora ni hatari kuliko nauli, kwa sababu zinaweza kutumika kusajili laini au kuomba mkopo kwa jina lako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza kwa nini unaombwa habari zako. Itumie.

Piga hesabu yako kabla ya kuangalia yao

Tuseme mama wa Gatwekera anapeleka watoto Mombasa kumsalimia nyanya yao. Watoto ni wawili, mmoja ana miaka 5, mwingine 9. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu nauli. Kwa daraja la kawaida hesabu ni hii:

- Mama: 1,500
- Mtoto wa kwanza: 750
- Mtoto wa pili: 750
- Jumla: 3,000 kwenda, na 3,000 nyingine kurudi

Akikuta tovuti inayomwambia 4,800 kwenda tu, anajua kuna 1,800 ambazo si za treni. Akikuta inayomwambia 1,900 kwa wote watatu kwa sababu ya “ofa ya leo pekee, imebaki dakika 9”, ajue pia. Bei kubwa kupita kiasi na bei ndogo kupita kiasi zote mbili ni dalili. Nauli hubadilika, kwa hivyo kila mara anza na ile inayoonyeshwa na *639# au tovuti rasmi. Halafu ndiyo ulinganishe na wengine, kama bado una sababu ya kulinganisha.

Na usisahau nauli ya kufika Syokimau. Kutoka Olympic unapanda matatu hadi tao, kisha unaweza kuchukua treni inayounganisha stesheni ya mjini na Nairobi Terminus. Ondoka mapema, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo, na lango hufungwa kabla treni haijaondoka.

Ukishalipa

Ngoja ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza unatoka kwa huduma yako ya malipo ukisema pesa imetoka. Wa pili ni uthibitisho wa safari. Ujumbe wa kwanza peke yake si tiketi. Usifute hata mmoja hadi utakaporudi nyumbani. Kama unaweza, piga picha ya skrini, na uandike nambari ya muamala kwenye karatasi, maana simu huzima, na huibwa.

Ukipokea simu baadaye kutoka kwa mtu anayesema “malipo yako yamekwama, nisomee nambari uliyotumiwa”, kata. Malipo yaliyokwama hayafunguliwi kwa kusomea mtu nambari.

Ukigundua umeibiwa

Usione aibu, na usingoje kesho. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji kuna nafasi. Ikishatolewa kwa ajenti, nafasi hiyo inakuwa ndogo sana.

1. Omba muamala urudishwe mara moja. Kama ulilipa kwa M-PESA, tuma ule ujumbe wa muamala kwa 456. Kwa huduma nyingine, ongea na huduma kwa wateja kupitia menyu au programu yako, si kwa nambari uliyopewa na aliyekuuzia.
2. Kama uliandika PIN yako kwenye ukurasa wowote, ibadilishe sasa hivi, kabla ya jambo lingine lolote.
3. Kama uko Safaricom, tuma ujumbe wa utapeli kwa 333. Ni bure.
4. Piga ripoti kituo cha polisi na uombe nambari ya OB. DCI pia wana laini ya bure, 0800 722 203. Utapeli wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.
5. Waambie majirani na kundi la ploti. Tovuti iliyokuingiza wewe leo, kesho itamtafuta mtu wa mlango wa pili.

Epuka pia mtu wa pili, yule anayejitokeza akisema anaweza “kufuatilia pesa yako” kwa ada ndogo. Mara nyingi ni wale wale wamerudi.

Kwa kifupi, kabla ya kuweka PIN

- Nilifika hapa kwa kuandika anwani au kupiga *639# mwenyewe?
- Kabla ya .co.ke kuna krc peke yake?
- Bei inalingana na hesabu yangu?
- Jina na nambari ya kitambulisho ni zangu, na simu ni yangu?
- Ombi la malipo linaonyesha shirika, si mtu?
- PIN naiweka kwenye menyu ya simu, si kwenye ukurasa?

Jibu moja likiwa “hapana”, funga ukurasa. Kiti kikipotea utatafuta cha siku inayofuata, au utapanda basi. Mtumie makala hii mtu mmoja unayejua anasafiri mwisho wa mwezi, na kama ana kabambe, msomee.